Ngeli ya Maza

Juzi kwenye chumba cha kompyuta hapa shuleni mashine moja iliungua. Tulikuwa tumebanana wanne wanne kwa kompyuta moja, mwalimu anatueleza mambo ya majedwali, mara pakasikika "tap!" ndogo, kama mtu amekanyaga ganda la korosho, na moshi mwembamba ukatoka nyuma ya mashine ya dirishani. Wenzangu wakaruka wakicheka. Wavulana wakaanza kuigiza zimamoto. Mimi sikuruka. Harufu ilinifikia kabla ya kelele zao, ile harufu ya plastiki yenye kitu kichungu nyuma yake. Fundi aliyeitwa alifungua ubavu wa mashine, akanusa, akasema, "Maza hii. Imekufa."

Nikaomba ruhusa nikatoka nje. Mwalimu alidhani moshi umenikaba. Nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu mimi ni mtu wa aibu na maelezo yangu ni marefu. Ndiyo nayaandika hapa.

Tulikuwa tunakaa Masasi, chumba na sebule na uani, watu watatu: Mama, kaka yangu Shaibu, na mimi. Baba alikuwa na mji mwingine Chiungutwa, tulimwona siku za sikukuu. Mimi nilikuwa darasa la tano. Shaibu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na tangu amalize aliacha kumwita Mama "Mama". Alimwita Maza, kama vijana wa stendi. Maza chumvi iko wapi, Maza natoka kidogo. Mama alijifanya hapendi. "Maza wako yuko Ulaya, anakusubiri umpelekee hiyo chumvi," alimjibu. "Hapa yuko Mama Shaibu." Lakini alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na mimi nilimwonea Shaibu wivu. Nilijaribu siku moja kumwita hivyo, likatoka "Mama" lile lile.

Mama alikuwa na mikorosho Lupaso, aliyoachiwa na mama yake. Msimu ule alimpa Shaibu safu nzima ya upande wa bondeni. "Okota, anika, uza. Ukimaliza usinililie tena." Vijana wengine wakipata korosho wanawaza pikipiki. Shaibu aliwaza kompyuta ya gemu. Iliyotengenezwa tayari dukani hakuiweza, safu ya bondeni isingetosha hata robo. Ila alikuwa amesikia kwamba mtu anaweza kuiunga mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, hiki cha mtumba, hiki kutoka kwenye kompyuta ya ofisi iliyotupwa, hiki kutoka Dar kwa basi.

Bajeti yake aliipanga kwa korosho. Simaanishi fedha za korosho. Namaanisha korosho zenyewe, zilizokaangwa, alizomwaga kwenye mkeka uani akazigawa mafungu. Fungu la prosesa. Fungu la ramu. Fungu la maza, yaani mazabodi, ingawa wakati huo neno hilo lilinipita tu masikioni bila kutua. Fungu la kadi ya picha lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu, alinieleza kwa uso wa mtu anayefundisha dini, bila kadi nzuri wachezaji wa mpira hawana nyuso na magari yanakwenda kwa kushtukashtuka kama mbuzi kwenye kamba. Alizihamisha asubuhi, akazihamisha tena jioni. Kila alipotaka kuongeza kadi, alichota kwenye fungu dogo la pembeni.

Mama alipita na ungo, akainama, akachukua korosho moja akaitafuna.

"Maza! Umekula ramu!"

"Imepungua chumvi," alisema Mama, akitafuna taratibu ili amuudhi. "Na hili la korosho mbili ni la nini?"

"La pawa. Kisanduku cha umeme tu."

"Kila nikipita naona unalichota hili unapeleka kule. Kwani bila umeme hao wachezaji wako wanakimbiaje?"

"Maza, wewe huelewi mambo haya."

"Sielewi," alikubali, akaokota nyingine kutoka kwenye kadi ya picha, akaondoka.

Aliyemsaidia Shaibu kuchagua alikuwa Fundi Chilumba, mtu wa Newala mwenye kibanda karibu na soko, kilichojaa matumbo ya redio na kompyuta. Kiswahili chake kilikuwa kimeshuka naye kutoka Newala. Kwake kila kifaa kilikuwa mtu. "Huyu ramu mzima. Huyu feni anaumwa, msikie anavyokohoa." Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, nimesema "Shikamoo, Fundi," nimeitikiwa "Marahaba, binti," na maneno yangu ya siku yameishia hapo. Lakini kichwani nilikuwa namsahihisha. Ngeli ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakijua kuliko watoto wote darasani. Viumbe hai ni A-WA, na feni si kiumbe hai, kwa hiyo feni haiumwi, na kama ikiumwa basi *i*naumwa. Kilichoniudhi zaidi ni Shaibu. Yeye alijua Kiswahili sanifu, alikuwa amefaulu, lakini kila akikaa pale kibandani alianza kusema kama Fundi.

"Fundi, pawa wangu atamlisha huyu kadi?"

"Atamlisha mchana. Usiku sijui."

Wakacheka wote wawili mpaka Fundi akajifuta macho.

Vifaa vilianza kufika kimoja kimoja, vimeviringishwa magazeti na utepe wa gundi. Pawa ilipofika Mama aliichukua mkononi, akaipandisha na kuishusha kidogo, akaitikisa karibu na sikio, kama anavyofanya anapochambua korosho kabla hazijapelekwa ghalani.

"Nyepesi," alisema.

"Maza, hiyo si korosho."

"Najua. Ila korosho nyepesi hivi mimi huwa naitupa. Ndani hamna kitu."

Siku hizo hizo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Alinionyesha mwenyewe, kama mchezo. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo na shimo likabaki, halijai, kama kwenye ugali uliopoa. Nikaomba na mimi nibonyeze. Nikabonyeza hapa na pale, mashimo yakabaki, nikacheka, naye akacheka. Alisema ni kusimama sana. Mimi niliamini kwamba miguu ya watu wazima wote iko hivyo na kwamba siku moja yangu pia itakuwa hivyo. Mpaka leo kidole changu kinakumbuka ile hisia, na sijui nikiweke wapi.

Kisha mama mkubwa akashuka kutoka Newala kumchukua, kwa sababu nyumba yake iko karibu na hospitali. Mama alipanda kule kwenye baridi na ukungu akiwa na kanga zake na sweta la shule la Shaibu. Mimi niliambiwa anakwenda kupumzika. Shaibu alibaki mkubwa wa nyumba, na jirani yetu Mama Zuhura akawa anatutupia jicho.

Siku ya kuiwasha, Fundi Chilumba alikuja mwenyewe nyumbani. Ilikuwa mchana. Kwa Mama Zuhura ming'oko, ile mizizi ya porini, ilikuwa inachemka, na mimi nilikuwa nimekaa kizingitini mgongo kwa mlango, kwa sababu naogopa vitu vinapowashwa mara ya kwanza. Nilisikia feni ikianza. Nikasikia Shaibu akisema "Eee, eee." Halafu ile tap. Halafu harufu ikapita juu ya kichwa changu, nikadhani kuna mtu anachoma maganda ya korosho.

Halafu sauti ya Fundi, polepole: "Maza amekufa."

"Amekufa kabisa?"

"Kabisa. Hana hata mapigo."

Na Shaibu akapiga kelele, "Jamani, Maza wangu! Maza wangu mimi!"

Sikugeuka. Kilichonimaliza ni ile *a*. Neno "maza" lingeweza kuwa na maana nyingine, pengine hata wakati ule nilihisi hivyo kwa mbali, lakini *a*mekufa, *ha*na mapigo, *w*angu, hiyo ni A-WA, hiyo ni kiumbe hai, hayo nilikuwa nayajua kuliko watoto wote. Sarufi yenyewe ilinithibitishia. Na Shaibu hakuwahi kumwita mtu mwingine yeyote Maza.

Nilikimbia kwa Mama Zuhura. Mimi, ambaye nikitumwa chumvi naandikiwa kikaratasi, nilisimama katikati ya uani kwake nikasema kwa sauti, "Mama amekufa."

Sikujua kilio kinaenda haraka namna ile. Mama Zuhura alipiga yowe moja, nyumba ya pili ikaitikia, ya tatu ikaitikia. Wanawake walikuja wakifunga kanga kiunoni huku wanatembea. Mtu akatandika mikeka mbele ya nyumba yetu. Mtu mwingine akaondoa sufuria yetu jikoni. Mimi nilishikwa, nikabanwa kifuani kwa watu, nikapitishwa kutoka kifua hiki hadi hiki, na nililia sana, nililia kwa mwili mzima.

Shaibu akatoka na bisibisi mkononi.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mama yako, mwanangu," bibi mmoja akamwambia. "Jikaze."

Niliona uso wake. Aliketi palepale chini kwenye mchanga, bisibisi imesimama mkononi kama mshumaa, na kwa dakika ile aliamini. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu: kwamba nimeuona ule uso wa Shaibu mara mbili, na ya kwanza ilikuwa kwa sababu yangu.

"Nani kaleta taarifa?" aliuliza baadaye.

Watu wote wakanitazama. Nikanyoosha kidole kwa Fundi Chilumba, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya kijani yenye vyuma vidogo mkononi, akitafuta pa kujificha.

Wakati huo Mama Zuhura alikuwa ameshapiga simu Newala, sauti imefunguliwa ili wote wasikie. Ikapokelewa.

"Haloo. Mbona nasikia vilio huko? Nani kafa?"

Ilikuwa sauti ya Mama.

"Wewe," alisema Mama Zuhura.

"Mimi? Mimi nakunywa uji."

Sijui kama nitasikia tena watu wakicheka vile. Walichekea palepale kwenye mikeka ya msiba, wengine machozi bado yanatiririka. Fundi akainua ile sahani ya kijani juu ili kila mtu aione. "Huyu! Maza ni huyu hapa! Kaungua!" Wakazidi. Mama Zuhura akawa anamwambia Mama kwenye simu kwamba aliyezushiwa kifo ameongezewa umri, hivyo atawazika wote. Yule bibi alikataa mikeka ikunjwe. Alisema mkeka wa msiba haukunjwi mtupu, basi ming'oko ikaletwa, tukala pale pale, na Fundi akawa anataniwa kila tonge kwamba ale taratibu, yeye ndiye mfiwa.

Mama aliomba anisikie mimi. Nikapewa simu.

"Somoe. Umenililia?"

"Ndiyo."

"Umelia vizuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Basi kazi hiyo umeshaimaliza." Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Jioni ile Shaibu aliniweka ile mazabodi mapajani. Alinionyesha jinsi kila kifaa kinavyochomekwa juu yake, ramu hapa, prosesa hapa, kadi hapa. Akaniambia vyote vinakaa kwake na vinasemezana kupitia kwake, ndiyo maana ya jina. Pembeni palikuwa na doa jeusi, dogo kuliko punje ya mtama. Pawa nyepesi ilishindwa, ikamchoma. Kisha tukawekeana sheria.

"Ikiwa ya kompyuta," alisema, "nitasema imekufa. *I*. Sawa? Na nikisema ame…" Hakumalizia. "Wewe ndiye mwalimu wa ngeli. Umeelewa."

Niliona ni sheria nzuri. Nilijivunia.

Pesa ya safu ya bondeni ilikuwa imekwisha. Shaibu alipomweleza Mama, Mama alimwambia kuna gunia lake moja la korosho kwa Mama Zuhura, achukue. "Mimi nimelala tu huku, nitalifanyia nini. Ila safari hii usiipunje ya umeme." Shaibu hakuweza kungoja mnada wa korosho. Aliliuza kwa mtu wa kangomba, wale wanaonunua kwa bei ya kutupa kwa sababu wanalipa papo hapo, akapata maza nyingine ya mtumba na pawa ambayo Fundi alisema ni ya kweli. Ilipofika, kabla ya kuifunga, Shaibu alinipa mkononi. Nikaipandisha na kuishusha. Nikaitikisa karibu na sikio.

"Nzito," nikasema.

Iliwaka. Kwanza ikatoa mlio mmoja mfupi, na Fundi akainua kidole: mlio mmoja maana yake mzima. Shaibu alimpigia Mama papo hapo, akaisogeza simu karibu na mashine ili asikie feni.

"Naam," Mama alisema kutoka kule kwenye ukungu. "Anapumua."

"*I*napumua, Mama," nikamsahihisha. "Tumekubaliana."

"Samahani, mwalimu. Inapumua."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Kulikuwa na simu nyingine baada ya hapo, lakini alikuwa anaongea na Shaibu, na Shaibu alikuwa anatoka nje kuongea.

Ilikuwa asubuhi, siku isiyo ya shule. Nilikuwa nimeruhusiwa kucheza gemu la magari peke yangu. Gari langu lilikuwa jekundu, barabara ilikuwa na miti ambayo haipo kwetu, na nyuso za watazamaji zilionekana kabisa, kadi ilikuwa inafanya kazi yake. Nilisikia simu ya Shaibu ikiita uani. Nilisikia akisema "Shikamoo, Mama Mkubwa." Akaja akasimama nyuma yangu. Aliweka mkono juu ya keisi ya kompyuta, siyo juu yangu.

"Somoe," alisema. "Maza imekufa."

Nikaitazama skrini. Gari langu lilikuwa limesimama barabarani, injini inanguruma. Nikaitazama mashine. Taa yake ya bluu ilikuwa palepale, feni zinazunguka.

"Mbona inawaka?" nikamuuliza.

Nikageuka, nikauona ule uso.

Nimeshafikiria sana ile *i*. Kuna siku nadhani ulimi ulimteleza tu. Kuna siku nadhani alianza kusema lile lingine akashindwa, akakamata lililokuwa karibu. Na kuna siku, hasa zikiwa za baridi, nadhani alifanya makusudi, alitaka niwe na mama kwa muda ule mfupi wa kugeuza shingo. Alikwenda ukutani akazima swichi. Feni hazikusimama mara moja. Zilijikokota, zikapunguza, tukawa tunazisikiliza wote wawili.

Mama Zuhura alikuwa anafagia uani kwake. Shaibu alipomwambia, hakupiga yowe. Aliegemea ufagio, akatabasamu kama mtu anayesubiri kumalizia mzaha, akasema, "Ya kompyuta tena?"

Shaibu alisimama tu. Alisimama mpaka tabasamu la Mama Zuhura likaanza kushuka lenyewe.

Mikeka ilikuwa ile ile. Sikuweza kulia siku hiyo. Watu walinipitisha tena kifua hadi kifua, nao wakasema mtoto ana moyo mgumu. Nilikuwa nangoja mtu apige simu Newala.

Kuhusu lile gunia, nilikuja kulisikia mwaka jana, kwa bahati tu, Mama Zuhura akiongea na mtu: kwamba lilikuwa limewekwa kwa ajili ya safari ya Mama ya kwenda hospitali kubwa. Sijamuuliza Shaibu kama alijua. Naogopa atanijibu.

Sasa ana kibanda chake mwenyewe cha ufundi, karibu na kile cha Fundi Chilumba. Ile mashine iko nyumbani sebuleni, imefunikwa kanga ya Mama. Imeshapitwa na wakati, gemu za siku hizi haziingii. Likizo iliyopita rafiki zake walikuja wakamcheka: fundi mzima, kompyuta yako inatambaa. Badilisha maza, wakamwambia, unazo tele kibandani, weka mpya uone itakavyoruka.

Shaibu aliifunua kanga, akabonyeza swichi. Ukatoka ule mlio mmoja. Akaweka kiganja juu ya keisi, mahali palepale.

"Mwacheni," alisema. "Huyu bado mzima."

Nilikuwa nimekaa kizingitini. Mimi huwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, kila muhula. Sikumsahihisha.